Aristo V300, Legacy B4 RSK au BMW 335i: ipi ya turbo mbili inatunzika hapa kwetu?

Mwanamtoti (Dar es Salaam)
Habarini wakuu. Natafuta gari la petroli lenye turbo mbili (zile feni zinazozungushwa na moshi wa injini kusukumia hewa zaidi ndani), nikae nalo miaka. Yamebaki matatu, yote yako nchini na yana namba: Toyota Aristo V300 yenye injini ya 2JZ-GTE, Subaru Legacy B4 RSK, na BMW 335i ya 2008 yenye injini ya N54. Kuagiza kuukuu kutoka Japani nimeachana nako, ushuru wa uchakavu unaumiza. Safari zangu ni Dar–Arusha na foleni za mjini. Mbio yote yanazo, hilo halina mjadala. Nauliza matunzo: spea, fundi, na kipi hufa kwanza.

FundiKibada (Dar es Salaam)
Mkuu, nianze na 335i kwa kuwa ndiyo inayowachanganya wengi. N54 ilitoka 2006, na ni injini ya maana kweli: lita 3, silinda 6 za mstari, nguvu farasi 306, torki ya Nm 400 inayoanza kwenye mizunguko 1,300 tu kwa dakika. Ilichukua tuzo ya kimataifa ya Injini Bora ya Mwaka 2007 na 2008. Turbo zake ni ndogo, kila moja inalishwa moshi wa silinda tatu, na zote zinasukuma pamoja tangu chini. Ukikanyaga inaitika hapo hapo.

Sasa matunzo. Pampu ya petroli ya presha kubwa inajulikana kwa kufa. Huko Marekani BMW wenyewe waliiongezea dhamana hadi miaka 10 au maili 120,000. Nozeli za kupulizia petroli ni za piezo (zinafunguliwa kwa kristali ya umeme), na kila moja imechapwa namba yake. Ukibadilisha, namba hiyo lazima iingizwe kwenye kompyuta ya injini. Fundi asiye na mashine ya BMW atafunga nozeli mpya na gari litaendelea kutetemeka. Pampu ya maji ni ya umeme, haina mkanda. Huweza kufa bila kuvuja wala kupiga kelele, unashtukia taa nyekundu ya joto ukiwa porini.

Lakini ninachotaka ukiangalie kwa macho yako ni hiki. Fungua boneti, piga tochi chini ya kasha la filta ya oili, mbele ya injini. Pakiwa pamelowa, oili inadondokea mkanda wa altaneta. Mkanda uliolowa huteleza, hutoka kwenye puli na kuchanika, na nyuzi zake zinaweza kuvutwa ndani kupitia sili ya mbele ya kranki (mhimili mkuu wa injini) hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini. Gasketi ya kasha hilo, ya bei ndogo, inaua injini nzima. Muuzaji akikwambia "inavuja kidogo tu", muulize lini atairekebisha.

Tena petroli yake inaingia moja kwa moja kwenye silinda, kwa hiyo haioshi valvu za kuingiza hewa. Masizi yanajenga, na dawa ya kumimina kwenye tanki haifiki pale. Husafishwa kwa kupuliziwa unga wa maganda ya jozi. Siikatai N54, naipenda. Ila iwe na fundi wake na akiba yake pembeni.

Nyali6 (Mombasa)
Kakangu, chukua Aristo. Bloku ya 2JZ-GTE ni chuma tupu, kipenyo cha silinda milimita 86 na mwendo wa pistoni milimita 86, na chini ya kila pistoni kuna kijibomba kinachoirushia oili kuipoza. Toyota waliandika farasi 280 kwa sababu watengenezaji wa Japani walikubaliana wasivuke hapo. Toyota Supra yenye injini hii hii iliyokwenda Marekani ilitajwa 320.

Turbo za hii zinapokezana. Ya kwanza inasukuma peke yake huku chini, ya pili inaingia kama kwenye mizunguko 4,000. Utaisikia mgongoni. Ikiwa gari linavuta vizuri mwanzo kisha juu halina kitu, mara nyingi turbo ni nzima. Ni mpira wa vakyumu (vile vijibomba vya hewa vinavyoamrisha turbo) uliokauka ukapasuka, au vali ya kuamrisha imekwama. Watu wamefungua turbo nzima bure kwa kukosa kufuata mipira mmoja mmoja.

Mambo mawili usiyapuuze. Mkanda wa taiming hubadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na tenshena (kikaza mkanda) na pampu ya maji. Na turbo za Kijapani za injini hii zina feni ya kauri upande wa moshi. Mwenye gari wa zamani akiwa aliongeza presha, feni hiyo hupasuka. Muulize waziwazi.

Halafu hakikisha ni V300. S300 ina 2JZ isiyo na turbo, na sura ni ile ile.

KinooBoxer (Nairobi)
Legacy nayo itetewe. Farasi 280 za gia ya mkono au 260 za otomatiki kutoka lita 2 si mchezo, inashika barabara kwa magurudumu yote manne, na spea nyingi za Subaru utazipata hapa Kirinyaga Road bila kusubiri meli. Turbo zake nazo zinapokezana, na taabu yake ni ule mpito. Kati ya mizunguko 4,000 na 5,000 nguvu inazama kidogo kabla ya turbo ya pili kushika. Hiyo ni tabia yake hata ikiwa nzima, usilipe mtu "kurekebisha". Subaru wenyewe waliachana na mpango huo 2003, Legacy iliyofuata ikaja na turbo moja. Mipira ya vakyumu ni mingi na imejificha. Na oili usiache ishuke: beringi za kranki za injini hii hazisamehe. Ndugu yangu, nikiwa mkweli, kwa safari ndefu unazosema ningekupeleka kwa Aristo.

BinShangani (Muscat)
Assalaam alaykum ndugu zangu. Huku kiangazi kinapita nyuzi 45, na turbo mbili zinachoma kila kilicho karibu. Nasema moja tu: fundi asikutolee themostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini) kwa kisingizio cha joto kali, nasikia huko ni mazoea. Injini kuchemsha kuna sababu yake, ni rejeta iliyoziba, feni au mfuniko. Weka kulanti halisi, yale maji maalumu ya kupozea, maji ya bomba yanakula alumini. Na ukitoka mwendo mkali, kilomita za mwisho nenda polepole kabla ya kuzima, oili isiungulie kwenye beringi za turbo.

Mwanamtoti
Nashukuru sana wakuu. Mwenye Aristo anakubali ipimwe. Nipime nini kwanza?

FundiKibada
Kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya silinda, zote 6, injini ikiwa ya moto. Kwa 2JZ-GTE kitabu cha mafundi cha Supra kinasema psi (kipimo cha presha) 156 ni ya kawaida, chini ya 128 imechoka, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Mimi naangalia zaidi tofauti: tano zikisoma 150 na moja 125, hiyo moja ina hadithi. Kisha kata filta ya oili, kunjua karatasi juani. Vumbi linalong'aa rangi ya shaba ni beringi. Mwisho endesha ukiwa na geji ya presha, uone turbo ya pili ikiingia. Ukiona moshi wa bluu unapoachia pedali ya mafuta kwenye mteremko, ondoka.

Na kabla ya vipimo vyote, uikute ya baridi. Ikiwa boneti ni la moto unapofika, ameshaificha dosari ya kuwaka asubuhi. Akikataa plagi zitolewe, usimwachie hata kishika uchumba.

Mwanamtoti
Nimemwambia naja Jumamosi saa moja asubuhi na asiiwashe. Amekubali. Nitaleta namba za silinda hapa.

Nyali6
Lete na picha ya mipira ya vakyumu, tuifuate pamoja.