Tupeane uzoefu: waliopanda kwa miguu hadi Delicate Arch, Utah

Wakuu, habari za wikendi. Kila kiangazi ndugu zetu wa majimbo ya magharibi ya Marekani huuliza kuhusu hifadhi ya Arches. Kule kuna matao ya mawe zaidi ya 2,000, lakini linalovuta watu ni Delicate Arch, hilo lililochorwa kwenye namba za magari za Utah. Waliofika waseme, maana picha hazionyeshi jua.

Naanza. Njia ni kama kilomita 5 kwenda na kurudi. Kinachomaliza watu ni jabali tupu la katikati: hakuna mti wala kivuli, na njia haionekani, unafuata virundo vya mawe yaliyopangwa. Sisi tulianza alfajiri, jiwe bado la baridi. Wakati wa kushuka tukapishana na familia inapanda na kichupa kimoja cha maji, mtoto mgongoni, uso mwekundu. Tuliwaachia maji yetu yote. Hifadhi inashauri angalau lita 2 kwa kila mtu. Jamani, msizipunguze.

Mdau wa Denver: Wenye watoto, mwishoni kuna kijia kilichochongwa ubavuni mwa mwamba, mkono mmoja ukuta, mwingine bonde. Mwanangu nilimpitisha upande wa ukuta na sikumwachia mkono. Tao lenyewe linajificha mpaka kona ya mwisho, ndipo linatokea zima, limesimama peke yake ukingoni, na nyuma milima ya La Sal ina theluji. Uwazi wake una kimo cha mita 14 hivi. Mtoto alinyamaza, na huyo huwa hanyamazi.

Mdau wa Salt Lake City: Kaka, alfajiri ni nzuri kwa miguu, ila rangi inakuja jioni. Jua likishuka lile jiwe linawaka kama kaa. Bebeni tochi za kichwa, kwani mtashuka gizani. Na pale mwanzo wa njia msipite mbio: kuna kibanda cha magogo cha mlowezi Wolfe, cha mwaka 1906, na mbele kidogo michoro ya Waute, wenyeji wa asili wa huko, ya wapanda farasi na kondoo wa milimani.

Mdau wa Phoenix: Naomba tusikanyage ule udongo mweusi wenye vinundu kando ya njia. Una uhai ndani yake, ndio unaozuia mchanga usipeperuke, na ukishavunjwa huchukua miaka mingi kurudi. Na tusipande juu ya matao. Maji huingia kwenye nyufa, yakiganda yanazipanua, kipande kinadondoka. Mwaka 1991 bamba kubwa lilimeguka kutoka tao la Landscape Arch humo hifadhini, na 2008 tao la Wall Arch lilianguka lote usiku.

Mdau wa Dallas: Shukrani wadau. Mama anakuja kutoka Tanga mwezi wa kumi, magoti yanamsumbua. Kuna namna?

Mdau wa Salt Lake City: Ipo, mdogo wangu. Endesha kupita maegesho ya Wolfe mpaka yale ya mbele yake. Hatua chache tu, njia tambarare, mama atalitazama tao kule juu kwa mbali. Mchukulie darubini.