Ushauri wa haraka: mashine ya mtumbwi, ninunue mtandaoni (fidia inafutwa) au kwa dalali wa Mwaloni?

Nanga_Igombe
Wakuu habari za jioni. Giza (zile siku zisizo na mwezi, za kuvua dagaa) linaingia wiki ijayo na mtumbwi wangu upo nchi kavu hauna mashine. Nimeona Yamaha kwenye ule mtandao wa matangazo tunaouziana kila kitu, jamaa yupo Musoma, bei imekaa vizuri. Sasa leo naufungua nakuta tangazo kwamba ule mfuko wa kuwafidia waliotapeliwa wanaufuta, mwisho tarehe 30, baada ya hapo kila mtu abebe msalaba wake. Kuna dalali wa Kirumba Mwaloni naye anayo, na kuna duka pale mjini. Nichukue ipi? Natanguliza shukrani.

Fundi_Bwiru
Mkuu tunakushauri kwa ramli? Yamaha ya ngapi? Mpya au imetumika? Bajeti? Mtumbwi futi ngapi, wa dagaa au unasomba abiria?

mama_uduvi
Na malipo anatakaje huyo wa Musoma, ndo swali la kwanza hilo. Kama kasema tanguliza hela, mi naishia hapa.

Jiwe_la_Bismarck
Nakaa hapa nasubiri mapovu

Nanga_Igombe
Samahanini nilikuwa kwenye hiace simu inakata moto. Ni Enduro 15, imetumika, mtumbwi futi 28, dagaa. Anataka milioni 2.6, nitangulize laki nane aifunge na kuipakia kwenye basi, inayobaki namalizia nikiupokea mzigo Nyamhongolo. Wa Mwaloni anataka 3.1 ila naiona kwa macho. Duka sijauliza bado.

Fundi_Bwiru
Duka hujauliza halafu unataka tulinganishe 😂 haya. Ila hiyo laki nane unailipa ndani ya mtandao wao au unamtumia kwenye namba yake?

Nanga_Igombe
Namba yake. Amesema ndani wanakata makato.

mama_uduvi
Ehee! Sasa mdogo wangu unalilia mfuko wa fidia ambao haukuhusu? Ule ni wa aliyelipa kupitia kwao. Ukishatuma M-Pesa kwa mtu moja kwa moja, fidia iwepo isiwepo wewe umo peke yako. Hata wakiuacha miaka mia.

Mkerewe_Mstaafu
Mama kamaliza, ila nami niwasimulie maana hata huo mfuko mnausifia bure. Mimi nililipa ndani kwao, kila kitu kwa utaratibu, mtandao siutaji. Muuzaji tukakutana Buzuruga, mashine ikawashwa kwenye pipa la maji mbele yangu, ikakojoa vizuri, gia zote zinaingia, nikabonyeza "nimepokea, mzigo uko sawa" hela ikaachiwa kwake. Nikavuka nayo Ukerewe. Wiki ya tatu tupo mwaloni tunaanika nyavu, akaja mzee mmoja hata salamu hakutoa, akainama anaiangalia mashine kama mtu anayemtambua mtoto wake. Akasema kijana, kabla hujafungua hilo kava, chini ya kabureta kuna waya wa karabai nimeusokota mara tatu badala ya klipu. Nikafungua. Waya upo. Mara tatu kama alivyosema. Ndo nikaangalia vizuri kile kibati cha namba, mashine nzima imechakaa kwa chumvi ya jasho letu ila ribiti nne za kile kibati zinang'aa kama za jana. Aliporwa ziwani usiku, na RB anayo mfukoni imeshachakaa kwa kukunjwa. Polisi wakaichukua mashine, mimi nikalala ndani usiku mmoja nikieleza nilivyoipata, muuzaji namba haipatikani hadi leo. Nikaandika madai kwenye mfuko, nikaambatanisha kila kitu. Jibu lilikuja mistari miwili: mzigo uliupokea na ulithibitisha uko sawa. Basi. Kwa hiyo wakifuta mimi silii.

Jiwe_la_Bismarck
Duh pole sana mzee. Hapo kwenye waya nimepata baridi

kijana_wa_Mabatini
Pole mzee lakini tusiuzike mfuko wote kwa kisa kimoja. Mimi nilinunua simu, kifurushi kikaja na kipande cha sabuni ya mche kimefungwa kwa gazeti, uzito uleule. Nilidai, wakanizungusha kama siku 40 hivi, wakalipa yote. Bila mfuko ningeishia kufulia tu. Wanapoufuta wanawaambia matapeli karibuni ukumbini.

Mhasibu_Capripoint
Tatizo mfuko wenyewe ulikuwa unaliwa. Mtu anajiuzia mwenyewe, laini mbili, anajifanya katapeliwa, anadai. Tangazo lao wametaja madai ya uongo na mi naamini kabisa. Ila dawa siyo kufuta, dawa ni kuishikilia hela ya muuzaji siku kadhaa mteja aikague. Mnakumbuka Jumia, ule utaratibu wa kulipa mzigo ukishafika mkononi? Walifunga Tanzania Novemba 2019 tukabaki na mbao za matangazo.

kijana_wa_Mabatini
Siku kadhaa zingemsaidia nini mzee hapo juu? Yake iligundulika wiki ya tatu.

Mhasibu_Capripoint
Yake ni mali ya wizi, hiyo ni kesi nyingine.

Mkerewe_Mstaafu
Kesi nyingine kwako wewe uliyelala kwako.

Fundi_Bwiru
Turudi kwenye mashine. Mleta mada, hata hiyo ya Mwaloni usiishie kuiona kwa macho. Chomoa plagi uangalie rangi yake, vuta kamba polepole usikie kama inakaza, iwashwe ikae dakika 20 siyo mbili, maji ya kupoza yatoke mfululizo yasiwe ya moto wa kuunguza. Halafu namba ya kwenye kibati ipige picha uende nayo BMU (kile kikundi cha usimamizi wa mwalo) na polisi kabla hujatoa hata shilingi. Dalali akisita, ondoka.

Rubani_wa_Kamanga
Kwanini ung'ang'anie two stroke inayokunywa mafuta na oili juu? Chukua four stroke ndogo utanishukuru.

Fundi_Bwiru
Four stroke ikikufia katikati ya ziwa saa nane usiku utaitengeneza na nini? Enduro kila mwalo kuna mtu anaifungua amefumba macho, spea zipo hadi visiwani.

Rubani_wa_Kamanga
Ndo maana hatuendelei

mama_uduvi
Wanaume na mashine zenu. Mimi ninachojua mtumbwi ukikosa giza hili, dagaa wa kuanika sina, na mwezi ukiwaka ni kukaa tu. Nanga, una siku ngapi?

Nanga_Igombe
Kama sita mama. Jamaa wa Musoma nimemwambia nakuja mwenyewe na hela yote mkononi, kasema yupo safarini Tarime atanijulisha.

Jiwe_la_Bismarck
Yupo safarini 😂😂😂

kijana_wa_Mabatini
Namba yake itume 15040 ya kuripoti matapeli kabisa

Nanga_Igombe
Jamani huenda kweli yupo safarini.

Msengerema_Asili
Njoo huku Sengerema mkuu, mashine zipo, siku hizi unateleza tu darajani Busisi husubiri kivuko.

Rubani_wa_Kamanga
Kivuko kilikuwa na raha yake lakini, samaki wa kukaanga pale Kigongo

Msengerema_Asili
Samaki wapo bado, ni nyie mnapita mbio. Juni 2025 daraja limefunguliwa hamshuki tena kwenye gari.

Mhasibu_Capripoint
Nanga duka umeuliza?

Nanga_Igombe
Nimepita leo. Ipo mpya, na stakabadhi na warranti, ila nitabaki sina hela ya mafuta wala ya vijana. Nafikiria kukopa kwenye kikundi.

mama_uduvi
Riba?

mzigo_chapchap
Habari kiongozi, nina Enduro 15 safi kabisa nipo Kayenze, 2.4 maelewano yapo. Njoo inbox

Mkerewe_Mstaafu
Weka hapa picha ya kibati tuone ribiti.

mzigo_chapchap
Njoo inbox mkuu