Bima ya gari kwa dereva anayejifunza: nianzie wapi bila kuumia mfukoni?

Usukani_Mpya
Wakuu, salaam. Nina leseni ya kujifunzia. Gari la kufanyia mazoezi ni la mzee wangu, cc 1300, lina bima kubwa (inayolipa hata gari lenyewe) iliyobakiza miezi saba. Nataka kuendesha mara tatu kwa wiki, miezi mitatu hivi kabla ya mtihani. Bei nilizoulizia zimepishana mno, nyingine ni mara mbili ya nyingine. Niongezwe kwenye bima ya mzee, nikate yangu ya muda mfupi, au bima ndogo (ya kumlipa utakayemgonga tu) inatosha?

Mkagua_Hati
Kabla ya bei, mwombe mzee hati kamili ya bima. Stika au cheti cha ukurasa mmoja hakitoshi. Fungua sehemu inayosema nani anaruhusiwa kuendesha. Mara nyingi utakuta moja kati ya haya: dereva yeyote mwenye leseni na idhini ya mwenye gari, au waliotajwa kwa majina tu, au dereva aliyefikisha umri fulani na miaka kadhaa ya leseni. Hilo neno "leseni" ndilo la kuchunga, kwa sababu zipo hati zinazohesabu leseni kamili peke yake. Wakala akikwambia kwenye simu "hamna shida", mshukuru, kisha taka kiambatanisho cha maandishi chenye jina lako na maneno "leseni ya kujifunzia". Siku ya ajali, anayeamua kulipa hatakuwa yule wakala, atakuwa mtu anayesoma karatasi.

Kuhusu bei kupishana: hakikisha unalinganisha kitu kilekile. Andika taarifa zako mara moja (umri, tarehe ya leseni, thamani ya gari, mahali linapolala, matumizi) na uzitume vilevile kwa kampuni tatu au nne, au kwa dalali mmoja anayefanya kazi na kampuni nyingi. Kisha uliza ekses, yaani kile kiasi mnachobeba wenyewe kabla kampuni haijatoa chake. Kwa dereva mgeni huwa kuna ekses ya ziada inayojumlishwa juu ya ile ya kawaida. Tuseme ya kawaida ni 300,000 na ya dereva mgeni ni 500,000: ukikwaruza mlango na fundi akataka 700,000, hulipwi hata senti. Bima iliyoonekana rahisi ilikuwa imeuficha ughali wake hapo.

Breki_Mbili
Naongezea kwenye swali lenyewe, mkuu. Kwa miezi mitatu, fanya hesabu mbili.

Ya kwanza ni kuongezwa kwa mzee. Ulizia nyongeza ya ada kwa miezi iliyobaki, na kama ukitolewa mapema sehemu inarudishwa. Ubaya wake ni kwamba ukigonga, madai yanaingia kwenye jina lake, na punguzo alilolijenga kwa miaka ya kutodai linaweza kushuka au kufutika. Hiyo hasara italipwa mwaka ujao na mwaka unaofuata, kwa hiyo iingize kwenye hesabu sasa.

Ya pili ni bima ya muda mfupi ya mwanafunzi kwa jina lako, pale inapouzwa. Ukiikata siku moja moja, kila siku hukugharimu zaidi kuliko ukikata ya mwezi mzima, basi panga mazoezi yako yakae kwenye kipindi kimoja mfululizo. Faida yake kubwa ni kuwa kwa kawaida punguzo la mzee haliguswi.

Bima ndogo inalipa uliyemgonga, gari la mzee mtalitengeneza kwa pesa zenu. Kwa gari kuukuu ambalo mnaweza kulitengeneza kwa akiba yenu, ni uamuzi mzuri tu. Kwa gari analolitegemea kila siku, mimi nisingeshauri.

Gia_ya_Kwanza
Kuna njia mbili za kupunguza bei ambazo watu hupeana, na zote ni mtego.

Moja ni kushusha thamani ya gari. Ikiwa hati ina kifungu cha uwiano, gari la 10,000,000 ulilolikatia bima kama la 6,000,000 linahesabiwa limekingwa 60% tu. Ukarabati wa 2,000,000 utalipwa 1,200,000, na bado wanakata ekses.

Nyingine ni kumwandika mzazi kuwa dereva mkuu wakati mtoto ndiye anayeliendesha. Huo ni uongo kwenye fomu, na kampuni inaweza kukataa madai au kuifuta bima. Kwako wewe haina tatizo, kwa sababu mzee kweli ndiye mwendeshaji mkuu. Likija kuwa gari lako, badilisha.

Na masharti ya lena, yaani leseni ya kujifunzia, yafuate kila safari: msimamizi anayestahili kisheria akae kiti cha mbele, alama za mwanafunzi ziwepo. Msimamizi akishuka dukani nawe ukasogeza gari peke yako, umeshatoka nje ya masharti. Katika nchi nyingi kampuni inaweza kumlipa uliyemgonga halafu ikakugeukia wewe kudai fedha zake.

Usukani_Mpya
Asanteni sana, hata sikujua kuna ekses ya pili. Swali moja: nikifaulu mtihani, bima inaendelea?

Mkagua_Hati
Isome sehemu ya muda, ndugu. Bima nyingi za mwanafunzi hukoma pale unapofaulu, maana yake kurudi nyumbani kutoka kituo cha mtihani unaweza kuwa huna kinga. Siku chache kabla, uliza mambo mawili kwa maandishi: kama mtihani wenyewe umekingwa mtahini akiwa ndani ya gari, na bei ya kuhamia leseni kamili. Na siku ile, mzee aliyekupeleka ndiye ashike usukani wakati wa kurudi.