Nimejenga tanuri kwa pesa yangu mwenyewe: ramani za picha, kioo cha magharibi na paa lisilo na upenu

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa barazani kwa jirani, maana kwangu saa hizi hakukaliki. Ni saa kumi jioni, mwezi wa pili, Dar es Salaam. Mods, msiupeleke uzi huu kwenye vichekesho, mwenzenu nina hasira za kweli.

Nimehamia Novemba. Miaka mitano ya kudunduliza, tofali mia leo, mifuko kumi ya saruji mwezi ujao, mnaijua hiyo safari. Ramani nilinunua kwa kijana mmoja anayeuza mtandaoni. Simtaji, mwenyewe akisoma atajijua. Nilimpa laki nane. Akanitumia picha ya kompyuta: nyumba nyeupe na kijivu, paa halionekani, kioo kirefu kimoja kutoka sakafuni mpaka juu kabisa, gari jeusi limepaki mbele, anga la bluu. Mke wangu akasema ndiyo hii. Na mimi nikasema ndiyo hii.

Sasa sikilizeni alichoniuliza kijana kabla ya kuchora. Bajeti ngapi. Vyumba vingapi. Masta iwe na choo ndani? Bosi unataka paa la kawaida au la kisasa? Basi. Hakuuliza kiwanja kinaangalia wapi. Hakuja hata kukiona. Fundi mkuu naye alipokuja kuweka mambo ya msingi aliuliza barabara iko wapi, akaigeuza ramani uso uangalie barabara, akapiga kamba. Barabara yangu iko magharibi. Kwa hiyo kile kioo, mita tatu kwa mita nne, kisichofunguka hata kidogo, kimekaa kinatazamana na jua la jioni kama sahani ya dishi.

Nina kipimajoto cha banda la kuku, nilikuwa nafuga zamani. Wiki iliyopita nikakitundika sebuleni, mbali na kioo, ukutani kwenye kivuli. Saa kumi na robo: nyuzi 36. Nje chini ya mwembe wa jirani, 32. Wafugaji mnaelewa ninachosema. Kifaranga wa siku moja unamwekea nyuzi 32 mpaka 35, na unamwashia taa au jiko la mkaa ili azipate. Sebule yangu ingelea vifaranga bila taa, na wangekufa kwa joto.

Mshumaa wa kuzaliwa wa binti yangu, ile namba 7, ulikuwa juu ya meza ya TV. Tumerudi kazini tumekuta umepinda shingo umelala. Sofa upande wa kioo limeanza kumenyeka mkono. Miezi mitatu!

Sasa nimejifunza kwa lazima, na ninachokasirikia zaidi ni kwamba mambo haya si ya siri. Dar tuko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Maana yake jua la adhuhuri kwetu karibu muda wote liko juu ya kichwa. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu Oktoba 10 linapita utosini kabisa, unasimama kivuli chako kiko chini ya viatu. Jua la namna hiyo ukutani halina shida, upenu mfupi tu unalizuia. Hata Juni, linapokwenda kaskazini mwisho wake, adhuhuri bado liko juu nyuzi 60 hivi kutoka usawa wa ardhi. Piga hesabu ndogo tu: dirisha la urefu wa mita moja na nusu upande wa kaskazini, upenu wa sentimita 90 ukiwa umeanzia usawa wa juu wa dirisha, unalifunika lote. Sentimita 90! Ndiyo ule upenu ambao babu zetu walikuwa wanauacha bila kwenda shule yoyote.

Lakini mashariki na magharibi jua linakuja la chini, la ubavuni. Saa kumi na moja jioni halijali upenu wako, linaingia kwa mlango kama mgeni. Kwa hiyo upande wa magharibi unaweka nini? Unaweka stoo. Unaweka choo, ngazi, ukuta mtupu, baraza pana, mti. Mimi nimewekewa kioo mita kumi na mbili za mraba. Na stoo na vyoo viwili, viko wapi? Kaskazini!

Hapo ndipo nilipotaka kulia. Mwezi wa Desemba mpaka Machi, ndiyo joto lenyewe la Dar, upepo unaovuma ni kaskazi. Unatoka huko huko kaskazini mashariki, kila alasiri, bure, haukatwi kodi. Unafika kwangu unakutana na vidirisha vya choo vya futi mbili. Kaskazi inapoza ndoo.

Vyumba vya kulala vina dirisha moja moja, yote upande mmoja, ya aluminiam ya kusukuma. Hili nalo sikulijua mpaka nilipolala ndani yake: dirisha la kusukuma la vipande viwili halifunguki zaidi ya nusu. Unalipia mita moja na nusu ya dirisha, unapata hewa ya sentimita 75, halafu wavu wa mbu unapunguza tena. Ya bawaba yanafunguka yote. Zile luva za zamani tulizozing'oa tukiita za kizamani zilikuwa zinapitisha hewa hata mvua inanyesha. Na hewa ikishaingia chumbani inatokea wapi? Mlango umefungwa, juu ya mlango hakuna tundu. Upepo ni kama maji ya bomba, usipoufungulia pa kutokea hauingii.

Tuje kwenye paa. Hili "la kisasa". Kuta zimepandishwa juu kuzunguka bati ili lisionekane, kwa hiyo upenu hakuna kabisa, sifuri, ukuta wote uko uchi kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Bati lenyewe limelazwa chini chini, na nimechagua mimi rangi nyeusi mkaa kwa sababu kwenye picha ilipendeza (mtu hata haioni! Bati limefichwa, rangi yake inamsaidia nani?). Chini yake jipsamu. Katikati ya bati jeusi na jipsamu kuna hewa iliyofungiwa, haina tundu hata moja la kupumulia. Paa la kawaida lina pembe mbili za kenchi, fundi anaacha matundu pale, joto linapanda linatoka. Mimi nimepanda juu na tochi siku moja saa nane mchana kuangalia panapovuja, kwa sababu linavuja pia, nikashuka baada ya dakika mbili. Misumari ya kenchi ilikuwa haishikiki.

Basi jioni jua likizama unasema sasa nafuu. Thubutu. Ukuta wa tofali la inchi 6 haupitishi joto papo hapo, unalibeba. Lililopiga nje saa kumi jioni linakutokea ndani saa tatu, saa nne usiku, ukiwa umeshalala. Weka kiganja ukutani juu ya kitanda changu saa nne usiku, utadhani umegusa ubavu wa ng'ombe. Nje nyuzi 28, ndani 33. Watoto wanalala sakafuni kwenye marumaru wakiwa na kaptula tu.

Mama alikuja kutoka Tanga kuiona nyumba ya mwanawe. Yeye anakaa Ngamiani, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, ukifungua milango miwili upepo unapita kama treni. Kuta za vyumba hazifiki kwenye bati, hewa inazunguka huko juu. Nimekulia humo na nilikuwa nasema nikipata pesa sitajenga kitu kama hicho. Mama akazunguka nyumba yangu mara moja, akauliza, "Mwanangu, mbona haina upenu? Mvua ikinikuta nje nisimame wapi?" Nikacheka. Usiku wa kwanza akatoa mkeka akalala koridoni mlango wa nyuma ukiwa wazi, mimi nikakesha nalinda mlango. Asubuhi akaniambia, "Hongera baba, nyumba nzuri. Lakini umeniweka kwenye tanuri la mikate." Alikuja kwa wiki mbili, siku ya nne akaondoka.

Na watu wa nchi hii tulikuwa tunajua, ndiyo kinachouma. Nendeni Mji Mkongwe Zanzibar, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vichochoro vyembamba nyumba zinakingana jua, ua katikati. Nendeni pale Kariakoo muangalie soko alilolichora mbunifu majengo Mzee Beda Amuli miaka ya 1970: miavuli mikubwa ya zege juu, pembeni wazi hewa ipite. Yule hakuwa anachora picha ya kuwekwa kwenye simu. Sisi tumechukua nyumba za watu wanaolitafuta jua, kwao kioo kikubwa ni kuomba joto liingie sebuleni, tumeleta mahali ambapo kila mtu anavuka barabara kufuata kivuli.

Sasa hela za kusahihisha. Kwanza nikaweka mapazia mazito, laki sita. Hayasaidii, kwa sababu jua likishapita kioo limeshaingia. Pazia linapata moto lenyewe, na joto lake halitoki tena nje. Pili, fundi aluminiam akanishauri kioo cha tinti. Tukang'oa, tukaweka, milioni moja na laki nane. Mwanga umepungua kweli, macho hayaumi. Lakini kile kioo cheusi kinalinyonya jua na kupata moto, saa kumi na moja hukishiki, kinakurudishia usoni kama jiko la mkaa. Tatu, AC. Kijana wa ramani nilipompigia kulalamika alinijibu kwa utulivu kabisa: "Bosi, hayo mambo ya joto ni ya AC, siyo ya ramani."

Haya, AC. Ya BTU 12,000 chumbani, kwa paa hili haipumziki, inakula karibu uniti moja kwa saa. Elfu kumi ya luku inanipa uniti 28, ukiacha ile manunuzi wanayokata kodi ya jengo. Kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi alfajiri ni uniti 8. Elfu kumi inaisha siku tatu na nusu, chumba kimoja! Watoto je? Na umeme ukikatika mnanitafuta barabarani na mto wangu.

Kitu kilichofanya kazi ni hiki, na mnicheke tu. Fundi wa kuchomelea amenipigia bomba mbili za chuma nje, mbele ya kioo, umbali wa futi mbili hivi. Juu yake nimetundika makuti. Makuti yale yale ya Mbagala, ya kuezekea mabanda. Pamoja na ufundi, laki mbili na elfu arobaini. Siku ya pili saa kumi na robo, kipimajoto kile kile, ukuta ule ule: nyuzi 33. Nyuzi tatu zimeondoka bila luku, kwa sababu jua linakomea nje kabla halijagusa kioo. Majirani wanaiita nyumba yangu kibanda cha chipsi. Waite.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Mliosema "ungetafuta mbunifu aliyesajiliwa", ni kweli, nimekubali, laki nane imenigharimu mamilioni. Lakini msidhani usajili peke yake unatosha. Muulize swali moja tu: jua la saa kumi litapiga wapi? Akianza kukuonyesha rangi, ondoka.

Aliyesema nipande mwarobaini: nimepanda miwili tangu Januari, iko magotini. Tutaonana baada ya miaka mitatu.

Aliyeuliza kuhusu paa: Jumamosi fundi anakuja kutoboa ukuta unaolizunguka, pande mbili zinazotazamana, matundu kumi na mawili yenye wavu wa popo, halafu bati tunalipiga rangi nyeupe. Nitaleta namba za kipimajoto hapa hapa, zikiwa mbaya pia nitazileta.

Na wewe uliyesema nina wivu na vijana wanaojitafutia: jana nimekuta picha ya nyumba yangu kwenye ukurasa wa yule kijana, imepigwa asubuhi na mapema kabla sijaweka makuti, na chini yake watu wamejipanga wanauliza bei ya ramani. Nikaandika, "Mwenye nyumba ni mimi, njooni muione saa kumi jioni." Dakika tano hazikupita, amefuta na kunizuia.