Nimeandikiwa kipimo cha umeme mkononi, aliyewahi kufanyiwa anieleze

MamaCherehani (Chang'ombe, Dodoma)

Habari za jioni ndugu zangu. Nashona sare za shule, huu mwaka wa 14. Tangu Machi mkono wa kulia unakufa ganzi: kidole gumba, cha shahada na cha kati. Kidole kidogo kizima kabisa. Saa nane za usiku naamka, naukung'uta mpaka uchangamke. Jana nimeshindwa kutunga uzi kwenye sindano, katunga mwanangu wa darasa la pili. Iliniuma sana.

Daktari ameniandikia kipimo cha mishipa ya fahamu pamoja na EMG, yaani kipimo cha umeme wa misuli. Jirani anasema unapigwa shoti, kisha unachomwa sindano yenye umeme. Ni kweli? Na nikitoka hapo naweza kushona? Nina oda ya sare 40.

Mpogoaji wa Hombolo

Pole sana dada. Mimi mkasi wa kupogolea zabibu ndio ulionifikisha huko, Julai mwaka jana.

Shoti ni kweli, ila si ya kukurusha. Wanakubandika vibandiko vidoleni na kwenye kiganja, halafu kifaa chenye ncha mbili kinagusa ngozi juu ya mshipa. Tap! Kidole kinaruka chenyewe. Inaanza ndogo, inaongezwa kidogo kidogo, na kila moja imekwisha kabla hujasema aa. Za kwenye kiwiko ndizo zilizonikera.

Sindano haina umeme, hapo jirani kakosea. Ni nyembamba na haiingizi dawa, inasikiliza msuli tu. Kuingia inauma, nisikufiche. Ukilegeza mkono, mashine inanyamaza. Ukikaza kidogo, inavuma kama mvua ya kwanza juu ya bati. Mimi nilichomwa kwenye nyama ya chini ya kidole gumba na sehemu mbili za mkono, hadi shingoni, maana walitaka kujua kama tatizo linaanzia huko. Yote ilichukua kama saa moja.

Jambo moja lishike. Nilifika asubuhi na bodaboda, baridi ile ya Julai unaijua, na mikono nimeipaka mafuta. Vibandiko vikagoma kushika. Nikanawishwa kwa sabuni, nikakaa na mikono kwenye maji ya uvuguvugu ndipo tukaanza. Usipake chochote siku hiyo, na uende umejifunika kanga mikononi.

Fizio_Makole

Kaka amesema vizuri. Ubaridi hupunguza kasi ya mshipa, kwa hiyo mkono wa baridi unaweza kuonekana mgonjwa kuliko ulivyo. Mkononi mshipa mzima kwa kawaida hupeleka taarifa kwa mita 50 kwa sekunde au zaidi. Wakikuta taarifa inachelewa pale inapovuka kifundo cha mkono tu, wanajua mshipa umebanwa hapo. Vidole ulivyovitaja vinahudumiwa na mshipa huo, kidole kidogo kina wake.

Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, mfano wafarini, au una kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, waambie kabla hawajaanza. Dawa usiiache kwa uamuzi wako. Chakula kula kama kawaida.

Na majibu yakitoka safi huku ganzi ipo, rudi kwa daktari. Mashine hii hupima nyuzi nene za mshipa. Nyuzi nyembamba, zile zinazowaunguza nyayo baadhi ya wenye kisukari, haizioni.

MamaCherehani

Mungu awabariki. Nilikuwa nimeshaamua kutokwenda. Vipi kuhusu kushona siku hiyo?

Mpogoaji wa Hombolo

Mimi jioni nilishika jembe, ila palipochomwa palikuwa panauma kama pamepigwa ngumi, na doa la damu chini ya ngozi lilikaa siku tatu. Sare 40 anza nazo kesho yake. Pete na bangili uache nyumbani.

MamaCherehani

Bangili inatoka. Pete imekaza miaka, naijaribu kwa sabuni usiku huu kabla vidole havijavimba. Naenda Alhamisi.