Maonyesho ya mkonge, chumba kimoja tu: mgeni akutane na nini kwanza?

BintiKorogwe
Habari zenu wakuu. Nimekabidhiwa kupanga maonyesho ya mkonge kwenye ghala la zamani hapa Korogwe. Kamati inataka mlangoni pawe na bango la Dkt. Richard Hindorf, yule Mjerumani aliyeagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu. Hadithi tamu, sikatai. Lakini babu yangu alikuwa manamba, kibarua wa shamba la mkonge, alitoka Kasulu kwa mkataba akazikwa huku huku. Ninacho kipande chake, yaani kadi ya kazi, chenye vijumba 30 vya siku za kazi; asipomaliza kazi ya siku, kijumba kinabaki kitupu na siku imeliwa. Nina kisu cha kukatia, picha za kambi na singa (nyuzi za mkonge) za kutosha. Mngeanzia wapi?

MzeeMuheza
Anza na jani, mwanangu. Nje panda mikonge mitatu minne, mgeni aonje mwiba kabla hajaingia. Ndani mwaga kilo mia za majani, pembeni weka singa zinazotoka humo: kama kilo nne tu! Yaliyobaki ni maji na makapi. Sisi tulifunga majani thelathini thelathini, mnyapara anapita anahesabu, tita likipungua jani moja analikataa. Watoto wa shule wafunge tita wenyewe, miiba ikiwa imekatwa. Korona, ile mashine ya kutoa singa kwenye majani, hutaweza kuiingiza, ila nenda karekodi mlio wake.

KaziZaMakumbusho
Mzee kasema kweli. Mimi naongeza ya ufundi. Singa zinavuta unyevu. Ukizifungia kwenye kabati la kioo lisilopitisha hewa, masika yakianza utaonyesha ukungu. Kipande cha babu piga nakala nzuri uitundike hiyo, chenyewe kilaze gizani, maana wino wa zamani haupendi mwanga. Na tafadhali, maelezo ya ukutani yawe mafupi. Hakuna anayesoma aya sita akiwa amesimama.

Hindorf mpe nafasi ndogo ukuta wa pembeni. Ukuta mkubwa uweke miaka ya sitini: mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani laki mbili, halafu bei ikaporomoka kamba za plastiki zilipoingia, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Watu watagombana ni nani aliyeua mkonge, Azimio la Arusha lililotaifisha au plastiki. Usiwaamulie. Weka kamba mbili mezani, ya katani na ya plastiki, wavute.

MamaWaUanikaji
Jamani, hadi sasa ni wanaume watupu! Mama yangu alianika singa kwenye nyaya miaka na miaka, jua la saa saba, vumbi la brashi ya kusafishia singa puani. Hizo picha zako za kambi zichambue upya, wanawake wamo, labda wamekatwa pembeni.

BintiKorogwe
Mama, nimezitazama tena, wapo wanne nyuma ya robota. Nazikuza. Hindorf nimemhamishia ukuta wa choo, kamati itanisamehe. Mzee, nikija Jumamosi na kinasa sauti, shamba la jirani yako wanasindika?

MzeeMuheza
Jumamosi korona imelala. Njoo Ijumaa asubuhi, na uvae viatu vya kufunika vidole.