Sh 1,000 ya lishe kwa kila mtoto: inalipa kuliko mfereji?

Halmashauri zinatakiwa kutenga sh 1,000 kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Hapa Dar wako wanaotaka mifereji ya maji ya mvua na barabara za mitaa zitangulie. Tujadili.

Mhasibu, Ubungo: Siipingi lishe, napinga hesabu za juu juu. Watetezi wa lishe wanasema dola moja ikiwekwa kwenye lishe inarudisha 16; hilo halimtoshi diwani. Faida inaonekana mtoto akishaingia kazini, tuseme miaka 20 ijayo. Fedha ya kesho ina thamani ndogo kuliko ya leo: sh 1,000 ya siku hiyo, ukiipunguza kwa asilimia 3 kwa mwaka, leo ni sh 554. Kwa asilimia 10 ni sh 149 tu. Ninyi wa lishe mmetumia kiwango gani cha kupunguza?

Afisa lishe, Temeke: Swali la haki, ndugu. Mimi naegemea kilichopimwa. Guatemala, kati ya 1969 na 1977, watoto walipewa uji wenye protini. Wavulana walioupata katika miaka miwili ya kwanza ya maisha, walipokua walilipwa kwa saa takriban asilimia 46 zaidi ya waliopewa kinywaji kisicho na protini.

Mhasibu: Na wasichana?

Afisa lishe: Ujira wao haukupanda hivyo, ila walisoma zaidi. Tusilifiche.

Msindikaji wa unga, Manzese: Mnaongelea miaka 20 wakati kuna gharama ya mwaka huu huu! Mfereji wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, mama wengi hawajafika kliniki. Vidonge vya foliki asidi, vitamini inayousaidia ufunge, vinakuta mambo yamekwisha. Kinachowahi ni sembe iliyoongezwa virutubisho, maana kukoboa kunaondoa pumba na kiini, penye virutubisho vingi. Mfereji huo usipofunga, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi, naye anahitaji upasuaji pale MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili), kisha kufuatiliwa miaka na miaka. Elfu moja ikalipie ukaguzi wa mashine za unga. Kifaa cha kudondosha virutubisho kisiporekebishwa kasi ya mahindi inapobadilika, mfuko mmoja unapata vingi, mwingine karibu hauna kitu. Na mchanganyiko wa virutubisho ukikaa juani vitamini A inaharibika, lebo inabaki inadanganya.

Mhasibu: Hiyo inapita kwenye kamati. Ila mtoto anayeharisha kila masika, unga bora haumfai sana. Mfereji nao ni lishe.

Afisa lishe: Kweli kabisa, lakini angalia kalenda. Matone ya vitamini A hutolewa Juni na Desemba. Fedha ya bajeti ya Julai ikitoka Mei, awamu ya Desemba imeshapita. Kabla ya kugombania fungu, tudai elfu moja hiyo itoke robo ya kwanza ya mwaka wa fedha.